Kuhama kwa Utaratibu

Kazi ya kuhama nyumba huonekana nyepesi kwa mtu asiyepata kuifanya. Hudhani ya kuwa ni kufunga vyombo, kutafuta wachukuzi, na kwenda zake. Lakini nyumba si vyombo tu. Ndani yake yumo mzee ambaye magoti yake hayampeleki mbali, yumo mtoto anyonyaye, yumo kuku aliyelalia mayai, yumo mbuzi mwenye mimba. Na nje yake wako majirani waliozoea kuazimana moto na chumvi. Mwenye nyumba akihama, hao wote ama huhama naye ama huachwa. Kwa hiyo swali la kwanza si kwamba mwenye nguvu atafika lini, bali ni nani katika nyumba ile aendaye polepole kuliko wote, naye aweza kwenda namna gani.

Watu wa zamani walilijua sana jambo hili, maana wengi wao walikuwa wasafiri. Wanyamwezi, ambao katika karne ya 19 walichukua pembe na nguo kati ya Tabora na Bagamoyo, walikwenda kwa misafara mikubwa. Mchukuzi mmoja alijitwika frasila mbili hivi, yaani ratili 70, na wengi walifuatana na wake zao na watoto wao, nao wanawake walichukua vyungu na chakula. Mbele alikwenda kirangozi, mjuzi wa njia, naye ndiye aliyepima mwendo. Waliondoka alfajiri, na kwa desturi walipiga kambi kabla ya jua kuwa kali, ili kila mtu apate kivuli, na kuni, na maji. Palipokuwa hapana maji walifanya safari waliyoiita tirikeza: walipika na kunywa mchana, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likiisha kupinda, wakalala njiani mahali pakavu, na asubuhi wakafika penye maji. Ilikuwa safari ya taabu, wala haikufanywa ila kwa haja.

Nao Wamaasai, ambao kuhama kwao ni desturi, hawaondoki ovyo. Kwanza vijana hutangulia kutazama majani na maji. Nyumba zao hujengwa na wanawake kwa fito na matawi, kisha hukandikwa kwa mavi ya ng'ombe. Na wakati wa kuhama wanawake ndio wafungao vibuyu vya maziwa na ngozi za kulalia juu ya punda. Ndama wachanga hawawezi mwendo mrefu. Hata siku za kukaa huchungwa karibu na boma. Mchungaji ahamaye huwakumbuka hao kabla ya kuwakumbuka fahali.

Walakini Wamaasai wamelelewa katika kuhama. Ni vigumu zaidi kwa mtu aliyejenga mahali pamoja, akapanda minazi, akazika wazee wake, kisha akaambiwa aondoke. Hayo ndiyo yaliyompata mwalimu mmoja wa shule ya misioni karibu na Muheza, katika nchi ya Wabondei, miaka ya 1930, Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Mwezi wa Novemba alipata barua ya kumwambia kwamba shule itakapofunguliwa mwaka mpya, yeye atafundisha katika shule nyingine, katika nchi ya Wazigua, upande wa Handeni. Nyumbani mwake walikuwamo watu sita: yeye, mkewe, watoto watatu, ambao wa mwisho alikuwa bado kunyonya, na mama yake mzazi, aliyekuwa mjane na mwenye mguu mbovu.

Mwalimu hakuisoma barua ile barazani mbele ya watu. Usiku alimwambia mkewe, na asubuhi, kabla ya jirani ye yote kujua, akaenda akaketi mkekani karibu na mama yake, akamwambia. Wako watu ambao huwaambia wazee mwisho, kwa kudhani ya kuwa wanawapunguzia majonzi. Hawawapunguzii kitu. Mzee husikia habari kutoka kwa mtoto wa jirani arudiye kisimani, naye hutambua ya kuwa katika nyumba ya mwanawe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa mizigo.

Mama akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Baba yako amelala pale chini ya mwembe. Mimi nikienda, nani atapalilia kaburi lake?”

Mwalimu hakumjibu upesi, kwa sababu hakuwa na jibu. Hakumwambia kwamba kazi ni kazi, wala kwamba walio wakubwa wameamuru, ingawa yote mawili yalikuwa kweli. Alikaa naye mpaka chai ikapoa, kisha akaenda shuleni. Siku tatu zikapita, wala hapana aliyetaja habari ile. Siku ya nne mama mwenyewe akamwuliza, “Mwanangu, huko kuna maji?” Hapo mwalimu alijua ya kuwa mama yake ameanza safari moyoni mwake. Akamjibu, “Mama, sijui. Nitakwenda kutazama.”

Basi alipopata ruhusa ya siku chache akapanda gari la moshi mpaka Korogwe. Njia ile ya reli ilianzwa na Wadachi huko Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, na Korogwe, karibu na mto Pangani, mwaka 1902. Lakini kwenda Handeni hapakuwa na reli. Palikuwa na barabara ya udongo, mwendo wa maili 40 hivi, na malori machache yaliyopita kuchukua mahindi na bidhaa za dukani. Mwalimu akafika katika shule ile, akaitazama nyumba atakayopewa, akamwamkia jumbe na wazee, akaongozana na wanawake mpaka mahali wanapoteka maji. Alipenda kuona kwa macho yake, maana katika habari za kisima mwanamume akikaa barazani huambiwa maji yako karibu; yeye siye ayatekaye.

Aliporudi hakuficha neno. Aliwaambia ya kuwa nyumba ina vyumba viwili, na paa lake linavuja upande wa jikoni. Huko hakuna minazi, kwa hiyo hakuna makuti. Watu huezeka kwa majani. Wakati wa kiangazi maji hutoka katika mashimo yaliyochimbwa mchangani, katika kijito kilichokauka, na wanawake huenda kabla ya mapambazuko na kungoja zamu. Kisha akawaambia na yaliyo mema: ardhi ni pana, mahindi hustawi mvua ikinyesha, na Kizigua na Kibondei ni ndugu, hata mama atawasikia wenyeji nao watamsikia. Jambo hilo la mwisho lilimfurahisha bibi yule kuliko yote. Mzee asiyeweza tena kwenda shambani, kazi yake kubwa ni mazungumzo. Ukimpeleka penye lugha asiyoijua, umemnyang'anya jembe lake.

Na habari ya kaburi haikusahauliwa. Mpwa mmoja wa marehemu aliitwa, naye akakubali mbele ya mama kwamba atapalilia pale kila mwaka kabla ya Pasaka. Mama akamwonyesha mipaka ya mahali pale kwa fimbo yake.

Ikabaki kuchagua wakati. Katika nchi ile mvua za vuli huwa zimekwisha ifikapo Januari, na masika huanza mwezi wa Machi. Ahamaye wakati wa masika hukuta barabara imekuwa tope, lori limezama, na unga umeloa. Tena hukuta watu wamekwisha kulima naye bado hana shamba. Lakini afikaye Januari, ingawa jua ni kali na maji ni haba, ana nafasi ya kufyeka na kuchoma majani kabla mvua haijaanza. Mwalimu akaweka safari yao iwe siku nane kabla ya wiki ya mwisho aliyopaswa kuwasili, akampelekea padre wa huko barua kumwarifu. Rafiki zake wakamcheka, wakisema, “Mwenzetu anakwenda kukaa bure wiki nzima mahali pasipo maji.” Lakini yeye alimfikiria mtoto mchanga na mguu wa mama, akaziacha siku zile kama zilivyo.

Katika kufunga vyombo mwalimu hakuwa fundi. Fundi alikuwa mkewe. Mwanamke yule alianza na vitu visivyokuwa vyake. Alizunguka nyumba akatoa kila kitu walichoazima: jembe la huyu, ungo wa yule, chungu kilicholetwa na mchuzi siku ya ugonjwa na kisirudi kwa mwenyewe. Kila kimoja alikirudisha kwa mkono wake mwenyewe, akaketi kidogo, akaaga. Kisha akamtuma mumewe dukani kulipa deni la kitambo la nguo za watoto, akamwambia aombe mstari wao ufutwe kitabuni naye akiona. Kazi hiyo ilikula karibu wiki moja, na jirani mmoja akamwambia ya kuwa anapoteza siku. Kweli zilipotea siku. Lakini hapana aliyewafuata stesheni akidai chungu chake.

Baada ya hayo akaanza kufunga, naye alifunga kwa kufuata siku ya kuhitajiwa. Vitu visivyotakiwa upesi, kama vitabu, nguo za sikukuu na vyungu vya akiba, vilifungwa kwanza. Lakini mzigo mmoja aliuweka peke yake, akauita mzigo wa njiani. Ndani yake alitia sufuria moja, unga wa siku tano, chumvi, kiberiti, kandili na chupa ya mafuta, mikeka miwili, mablanketi, chandarua, nguo za mtoto, na dawa ya kwinini. Akawaambia watu wote wa nyumbani, “Mzigo huu haufungwi ndani ya mwingine, wala hauendi mahali tusipokwenda sisi.” Maneno hayo yalionekana madogo siku ile.

Kikaja kisa cha kinu. Kilikuwa kinu kikubwa cha mti mgumu, alichochongewa mama na mumewe wakiwa bado vijana, kizito hata watu wawili walikiinua kwa kuguna. Mwalimu alitaka kukiacha, maana vinu hupatikana kila mahali. Mkewe, aliyekuwa akipunguza kila kitu, akamwambia, “Baba, vyote nimevipunguza. Kinu hiki kiache kiende.” Mwalimu akashangaa, lakini mwanamke aliona asiyoyaona yeye: mama mkwe hakuomba kitu cho chote ila hicho, tena hakukiomba, alikuwa amekaa tu karibu nacho tangu asubuhi. Basi kinu kikaandikwa katika hesabu ya mizigo. Ni kawaida katika kuhama, kitu akitazamacho kijana na kuona hakina faida kuwa ndicho kilichoshika nyumba nzima katika akili ya mzee, na mwenye kupima kwa frasila tu hukosa hesabu hapo.

Wanyama nao walikuwa na shauri lao. Jogoo na makoo watatu walikamatwa usiku juu ya kilalio chao, wakatiwa katika tenga. Lakini koo mmoja alikuwa amelalia mayai, na mbuzi alikuwa amebakiza mwezi mmoja au zaidi kidogo kuzaa. Mbuzi huchukua mimba miezi mitano. Ukimfukuza maili 40 au kumtupa juu ya lori katika mwezi wa mwisho, watoto wataharibika. Wakampa jirani wote wawili kwa ubia wa desturi: atakayetunza atapata nusu ya vifaranga, na mbuzi akizaa wawili, mmoja ni wake. Paka alitiwa katika kikapu chenye kifuniko, kwa kuwa mbwa huwafuata watu bali paka huifuata nyumba. Afikapo mahali pageni asipofungiwa ndani siku kadhaa na kulishwa humo, hupotea porini akitafuta kwao. Mtoto wa kwanza, mvulana wa miaka kumi, naye alipewa ruhusa ya kuchagua kitu kimoja cha kuchukua mwenyewe. Akachagua mche wa mchungwa, akautia katika kopo la bati lenye udongo. Mwalimu hakumwambia habari za maji ya Handeni.

Siku mbili za mwisho zilikuwa za nyumba yenyewe. Wako watu ambao wakihama huondoa hata komeo la mlango, huvunja kichanja cha vyombo wapate kuni za kupikia chakula cha mwisho, huacha jivu na maganda sakafuni, kana kwamba ajaye nyuma yao ni adui. Mwalimu huyu aliziba kwa makuti mahali palipovuja. Mkewe alifagia, akapiga sakafu kwa udongo mpya, akaacha mafiga matatu jikoni, mtungi umejaa maji, na tita la kuni nyuma ya mlango. Muhogo uliokuwa shambani haukung'olewa wote kwa haraka. Sehemu walimwachia jirani yule aliyepewa mbuzi, na sehemu mwalimu mgeni, ambaye angefika na watoto wake hana kitu shambani. Mambo haya hayana malipo, maana aliyetoka hayupo kushukuriwa. Lakini mke wa mwalimu mgeni alikuwa naye anahama. Na usiku wa kwanza, mtu akiwa hajui kisima kiko wapi, mtungi mmoja wa maji ni jambo kubwa.

Wakaondoka mchana kweupe, wakiisha kuaga kanisani Jumapili. Safari ya gari la moshi haikuwa ndefu, wala haina mengi ya kusimuliwa, ila mama aliketi karibu na dirisha, akahesabu mashamba ya mkonge mpaka akachoka.

Huko Korogwe ndiko mambo yalikogeuka. Mwalimu alikuwa amekwisha kuagana na mwenye lori kwamba awachukue kesho yake alfajiri, watu na vyombo. Usiku ule mtoto mchanga akashikwa na homa kali, akakataa kunyonya. Alfajiri lori likaja, na mwenye lori akasema kwa haki yake kwamba hawezi kungoja; mzigo wa watu wengine uko juu yake, na hatarudi ila baada ya siku nne au tano. Fedha ilikuwa imekwisha kulipwa. Vyombo vilikuwa vimekwisha kupakiwa. Watu waliokuwa pale wakatoa shauri kama ilivyo desturi ya watu wa stesheni: homa za watoto hupita, siku moja tu ya safari, mfunike vizuri, mwende.

Mwalimu alikuwa amefundisha mara nyingi habari ya Yakobo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 33. Yakobo alikuwa akirudi kutoka Harani, alikokaa miaka 20, pamoja na wake zake na watoto na makundi mengi. Esau nduguye akamlaki na watu 400, akataka waende pamoja. Yakobo akakataa kwa upole, akaeleza ya kuwa watoto ni wachanga na wanyama wananyonyesha, nao wakikimbizwa hata siku moja kundi lote litakufa. Akamwomba nduguye atangulie, naye afuate taratibu kwa kadiri ya mwendo wa wale walio mbele yake. Wako wasemao kwamba Yakobo alitoa udhuru tu, kwa kuwa bado alimwogopa Esau. Yamkini ni hivyo, maana hakumfuata mpaka kwake, bali alikwenda Sukothi. Walakini udhuru wenyewe ulikuwa kweli ambayo kila mchungaji aijua.

Basi mwalimu akafanya vivyo hivyo. Alimtuma ndugu yake mdogo, aliyekuja kuwasindikiza, aende na lori pamoja na vyombo vyote, na kinu, na kuku, na barua ya pili kwa padre. Mwenyewe akabaki na mama, mkewe, watoto, paka, na mzigo wa njiani. Lori lilipoondoka, mvulana akauliza, “Baba, sasa tutalala wapi, na vyombo vimekwenda?” Mama yake akafungua ule mzigo.

Walikaa siku tano katika chumba kimoja cha Mkristo mmoja wa Korogwe. Mganga wa dispensari alimtazama mtoto, akasema ni homa ya malaria, akampa kwinini kwa kipimo cha mtoto. Usiku wa kwanza na wa pili walikuwa katika hofu kubwa, na bibi hakulala. Alimpakata mjukuu wake, akamlowesha midomo kwa maji kidogo kidogo. Siku ya tatu jasho likamtoka, akanyonya. Siku ile ya pili, katika barabara ile ya udongo, wangalikuwa mbali na mganga, na maji yao yangalikuwa yale ya kibuyuni. Sufuria moja iliwatosha. Unga ulikwisha siku lori liliporudi.

Katika safari ya pili mwalimu alifanya mapatano mapya. Alitoa shilingi za ziada ili mama yake aketi mbele, karibu na dereva, na mke na mtoto pamoja naye. Mwenyewe na watoto wengine wakapanda juu ya magunia. Njiani wakasimama mara mbili kwa ajili ya mguu wa mama. Dereva alinung'unika mara ya kwanza. Mara ya pili mama akampa muhogo wa kuchemsha, akasimama bila kunung'unika.

Walipofika walimkuta yule ndugu mdogo amekwisha kuziba paa kwa majani, na vyombo viko ndani. Kinu alikiacha uani, kwa kuwa hakikupita mlangoni. Zilibaki siku tatu kabla ya shule kufunguliwa. Siku ya kwanza mwalimu alikwenda kwa jumbe, siku ya pili akatazama shamba alilopewa, siku ya tatu akapanga madawati. Mkewe hakuwa na haraka ya kuonekana. Alfajiri alikwenda kwenye mashimo ya maji, akasimama nyuma ya wote, ingawa mke wa mwalimu angaliweza kupishwa, akangoja mpaka mwanamke mmoja mzee akamwuliza jina la mtoto wake na kumwonyesha zamu yake. Tangu siku hiyo zamu ile ilikuwa yake.

Lakini majirani hawakuja nyumbani kwao kwa ajili ya mwalimu wala kwa ajili ya mkewe. Walikuja kwa ajili ya kinu. Kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya pale, chaweza kutwangwa na watu watatu pamoja, na kwa kuwa kilikuwa uani, kila aliyepita alikiona. Siku ya pili msichana mmoja akaja, akapiga magoti, akasema, “Shikamoo, bibi. Mama anaomba tutwange mahindi hapa.” Bibi akaitikia, “Marahaba, mjukuu wangu,” akavuta mkeka wake mpaka kivulini, akaanza kuuliza habari za ukoo wa msichana. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ajua ni nani aliyeoa wapi katika kijiji kizima, hata mwalimu alipotaka kujua sababu ya mtoto kukosa shuleni, alimwuliza mama yake kwanza.

Mche wa mchungwa haukupona. Mvulana aliunyweshea maji ya kunawia mpaka Februari, kisha ukakauka.

Masika ilipokwisha na barabara kukauka, jirani yule wa Muheza alifika kwa lori la mahindi, bila taarifa, akiwa na kamba mkononi. Mbuzi alikuwa amezaa wawili, naye alimleta mama mtu na mtoto jike. Yule dume, alisema, alibaki kwake kwa mujibu wa mapatano. Kuku hakuleta, maana kicheche alikuwa amewala. Akaketi uani, akamwamkia bibi, na neno la kwanza alilomwambia lilikuwa kwamba kaburi lilipaliliwa kabla ya Pasaka, naye alilitazama mwenyewe siku aliyoondoka.